Homa ya Mtoto wa Fundi

Jirani wa mlango wa pili, yule wanayemwita Redio, anasema alisikia yote kwa masikio yake mawili. Kwanza kiti kilivunjika. Kisha kichwa cha mtu kikagonga mlango, pu! Kisha mtoto akaanza kukohoa. Akakohoa weee, mara nyumba nzima ikawa kimya.

"Kikohozi gani hicho kinachokuja na kipigo?" alimwuliza mwalimu wa darasa pale getini pa shule. "Yule baba anampiga mtoto kifuani. Halafu mama mtu anamficha ndani, eti ana homa. Mwalimu, tutakuja kuzika pale."

Mwalimu, dada mwembamba wa miwani, hakuhitaji kushawishiwa. Dawati la yule msichana lilikuwa tupu mara kwa mara, na kila mara jibu ni lile lile: homa. Mchana huo huo akafunga safari. Redio alitangulia, maana vichochoro vile anavijua kuliko paka.

Mama wa mtoto alifungua mlango nusu. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka, na jicho moja limevimba hadi kubaki mstari.

"Shoga! Umefanya nini tena?" Redio akamaka.

"Nimejigonga kwenye kabati."

"Kabati lenu lina ngumi?"

Mwalimu hakucheka. Aliomba kumwona mtoto.

Chumba kilikuwa kimoja. Cherehani dirishani, kabati ukutani, vitanda viwili vilivyotenganishwa na pazia. Mtoto alilala kwenye kile kidogo, blanketi hadi kidevuni. Mwalimu akamgusa shingo. Moto.

"Naomba nimtazame mgongo na kifua."

Mama alimfunua mwenyewe, taratibu, hakutaka asaidiwe. Mwalimu aliinama, akatafuta kila mahali. Ngozi ilikuwa safi kabisa, hata mkwaruzo hakuna.

Redio akachungulia juu ya bega lake. "Labda anampiga kwa ndani," akanong'ona.

"Dada, hebu nyamaza kidogo." Mwalimu akamgeukia mama. "Sikiliza, mama. Mafua madogo au kikohozi cha kawaida, na mtoto anakula na kucheza, wewe mlete tu. Akiwa na homa, akitapika, akitoka vipele, hapo mwache nyumbani mpaka homa imwachie kabisa. Lakini homa ya kwenda na kurudi hivi si ya kukaa nayo ndani. Hospitali umempeleka?"

"Nitampeleka."

"Akiendelea kukosa hivi, atarudia darasa. Na ana akili, mtoto huyu."

Mtoto alimtazama mama yake. Mama alitazama sakafu.

Mlango ukafunguka kwa teke.

Alikuwa Fundi, baba wa mtoto. Hunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa, na mikono yake imekuwa kama nyundo anazoshika. Alisimama na vumbi la rangi kwenye nyusi, akamwona Redio.

"Nani kamleta huyu mbea kwangu?"

Akamshika Redio mkono, akamrusha nje kama mfuko wa taka. Kilemba kikaenda huku, kiatu kule. Kisha akamgeukia mkewe.

"Unaniitia watu, siyo? Unanitangaza?"

Akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye kabati. Mlango wa kabati ukapasuka. Akambamiza tena. Damu ikaruka hadi kwenye gauni la mteja lililoning'inia kwenye cherehani. Mwalimu akapiga kelele, akamng'ang'ania mkono. Fundi hakugeuka hata kumtazama. Alimpiga kiwiko tu, na mwalimu akaangukia cherehani, miwani ikasagika chini ya buti. Mama alikuwa ameshapiga magoti. Fundi akavuta ngumi nyuma, akalenga lile jicho lililovimba.

Mtoto akakohoa.

Ngumi ikabaki hewani.

Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kukwangua koo. Fundi akaachia zile nywele. Akamruka mkewe pale chini, akaenda kuchuchumaa kando ya kitanda, na mkono ule ule wenye damu ukashika paji la uso la mtoto kama mtu anayeshika yai.

"Inauma wapi, mama? Pole, mama. Pole sana." Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. "Usiondoke kama kaka yako. Siku ile nilikuwa napigana, sikumsikia. Wewe nakusikia. Si unaona nakusikia?"

Akamnywesha maji kijiko kwa kijiko. Akampepea kwa kipande cha boksi.

Mwalimu aliinuka, akamsaidia mama kukaa. "Twende polisi," akanong'ona. "Wewe na mtoto. Sasa hivi."

"Mara ya mwisho alitolewa kesho yake tu," mama akasema, akitema damu kwenye kitambaa. "Nenda, mwalimu. Kwa sasa kumetulia."

Mwalimu akatazama kile kitanda, yule baba, lile boksi likipepea. Akasema analolijua.

"Basi asije shule mpaka homa imwachie."

"Sawa, mwalimu."

Mtoto alipofumba macho, Fundi aliinuka, akachukua kofia yake. Mlangoni akamnyooshea mkewe kidole.

"Shukuru Mungu anaumwa. Akipona huyu, mimi na wewe tutaonana."

Buti zake zikaishia uchochoroni. Mama akajifuta uso, akaenda kitandani, akaingiza mkono chini ya mto na kuchomoa chupa ya maji ya moto. Ilikuwa imeanza kupoa. Akawasha jiko, akabandika sufuria ya maji.

Mtoto akafumbua macho, akamvuta gauni.

"Mama, naomba kesho nipone. Siku moja tu, halafu nitaugua tena."