Nyinyi Wangapi?

"Nyinyi wangapi?" aliniuliza mwenye kiwanda cha mikate, huku akichungulia nyuma yangu kana kwamba wenzangu wamebaki mlangoni.

Nilikuwa peke yangu. Nilikuja kuomba kazi yangu ya kwanza ya ushauri tangu nistaafu, na nilikuwa nimemweleza vizuri tu: kule nilikostaafu tulikagua tanuri, tukagundua mlango hauzibi, tukaokoa mikate iliyokuwa ikiungua upande mmoja.

"Ni mazoea ya kusema, bosi," nilijibu. "Kazini hatukuzoea kusema mimi, mimi."

"Mzee wangu, mimi nina nafasi ya mtu mmoja. Hiyo kasoro ya mlango aliigundua nani? Nimtafute huyo."

Asubuhi mke wangu alikuwa ameninyooshea kola akisema, "Jisifu leo, baba watoto. Huko hawakujui." Nilimcheka. Mtu mzima na heshima zangu, nijipigie debe?

Sasa kiganja kilikuwa kimelowa mfukoni juu ya kadi zangu mpya, hata wino wa jina langu ukanishika vidoleni.

Mwenye kiwanda alitazama saa.

"Niliigundua mimi," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na wakandaji unga wakageuka. "Mafundi wote walipita pale. Mimi ndiye niliyeweka mkono pale mlangoni, nikahisi joto likivuja."

Uso uliniwaka kwa haya. Yeye alikuwa ameshanipa kisogo, anaelekea kwenye tanuri lake.

"Basi njoo uuweke na hapa," alisema.