Steringi Hafi

Mchana ule banda la video lilifurika, maana filamu ilikuwa ya vita vyao wenyewe, vile vya kugombea kisiwa, picha za kweli zilizopigwa vitani na wanahabari wa kigeni. Kibwe, mtafsiri wa banda, alishika kipaza sauti akatafsiri huku akitia chumvi, kama kawaida yake.

Boti ikafika ufukweni, askari wakaruka majini. Aliyetangulia akageuka kuwaita wenzake.

“Huyo ndiye steringi!” Kibwe akapaza sauti. “Na steringi hafi!”

Watu wakashangilia. Bi Mashavu, kwenye benchi la mbele, akaziba mdomo kwa kanga. Askari yule alikuwa Hamduni, mwanawe, ambaye jeshi lilisema hajulikani alipo. Akapiga makofi kuliko wote.

Risasi zikarindima. Hamduni akaanguka kifudifudi, wimbi likamfunika. Banda zima likangoja ainuke, kama masteringi wote. Hakuinuka.

“Rudisha nyuma, baba,” Bi Mashavu akamwambia Kibwe. “Yule ni mwanangu.”

Kibwe akarudisha. Hamduni akainuka majini, akaenda kinyumenyume, akapanda boti.

“Hapo hapo,” akasema mama. “Mwache hapo hapo. Asishuke.”