Mtungi wa NyaMhango

Tk. Mfuniko wa mtungi uligusa udongo gizani, jogoo hajawika.

Chumbani, Tawonga alisikia. Alimjua aliyeufunua: mama mkwe, NyaMhango. Kila alfajiri mzee alifunua mtungi wa maji ya kunywa, akainama, akanusa. Ananikagua, Tawonga alijiambia. Ananitafutia kosa.

Watu wa utafiti walipogawa chupa za dawa ya kusafisha maji ya kunywa, ni NyaMhango aliyewakataza wanawake. "Dawa ya kufunga vizazi hiyo!" Wakala kiapo: atakayeitumia, arudi kwao. Chupa zote akazifukia mwenyewe, kwa jembe lake.

Tawonga alimpigia magoti amruhusu kuitumia. Mwanawe wa kwanza alikufa kwa kuhara mvua zilizopita. Amebaki Lusungu, wa miaka minne, anayelala na bibi yake mkeka mmoja kama wajukuu wote.

"Mmoja umeshazika," NyaMhango alimjibu, "sasa unataka uzike na tumbo?"

Siku hiyo, jua limepanda, dada wa utafiti akaja bila taarifa. Akachota maji ya mtungi kwenye kichupa, akadondosha kidonge cha kupimia. Wanawake waliojazana uani wakacheka.

"Chai hiyo, dada? Tutilie na sukari!"

Maji yakageuka pinki.

Kicheko kikakatika.

"Haya yana dawa," dada akasema, akaandika.

NyaMhango alikitazama kile kichupa kama anayetazama nyoka. Kisha akamgeukia mkwewe, akamwita kwa ukoo wa babake.

"NyaGondwe! Umekwenda kufukua!"

"Mama, sijagusa. Haki ya Mungu."

"Nani anachota maji humu? Mimi? Fungasha! Unarudi kwa akina Gondwe leo hii, na ng'ombe wetu wa mahari warudi."

"Na Lusungu?"

"Lusungu ni wa ng'ombe wetu. Anabaki."

Tawonga akaanguka magoti, akashika miguu ya mzee. Wanawake walishaingia chumbani kwake. Nguo zake zikarushwa uani moja moja, hata gauni la kanisani.

"Hamna kitu humu!" mmoja akaita.

"Tafuteni!" NyaMhango alipiga kelele. "Chupa iko wapi? Semeni, hiyo chupa iko wapi?"

Lusungu akamvuta bibi yake kitenge, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mzee aliyesahau.

"Bibi, iko chini ya mkeka wetu."