Fomu ya Kuhama Kozi

Mzee Lubasha alimsukumia bintiye fomu ya kuhamia uhasibu. "Jaza! Umepata nafasi chuo cha serikali, halafu unasomea kusikiliza vilio vya watu?"

Nyamizi aliiondoa meza iliyokuwa kati yao. Akakigeuza kiti kimoja upande kidogo, kama alivyofundishwa darasani kumpokea mtu mwenye majonzi. Kiti kiliyumba. Akaikunja fomu mara nne, akaisukumiza chini ya mguu mfupi.

"Kaa, Baba."

"Kwani mimi kichaa?"

"Sijasema hivyo. Lakini tangu tumzike Mama hujawahi kulitaja jina lake. Sihami kozi, na hapa siondoki."

Nyamizi aliketi kwenye kiti cha pili, akasubiri. Baba yake alitazama mlango. Kisha akakishika kiti alichowekewa, akakitikisa.

Hakikuyumba.