Tumekuwa Namba Moja

Okwera alikuwa ameshika udongo wa kumtupia mwimbaji wa bendi yao kaburini, pale Kyebando, mpiga ngoma alipomnyooshea simu.

“Tazama, mzee mwenzangu. Sisi ndio namba moja.”

Ilikuwa kweli. Wimbo wao wa roki, ambao redio ziliukataa tangu ujana wao, ulikuwa umekaa kileleni mwa chati, juu ya watoto wote wa mjini. Tangu habari ya msiba itoke, Kampala nzima ilikuwa ikiusikiliza mtandaoni. Alipokuwa hai, marehemu aliwaomba watu wausikilize mpaka akachoka. Kumbe alitakiwa kufa tu.

Udongo ulikuwa umemwingia Okwera kwenye ukucha mrefu wa kidole gumba, ule alioufuga kwa ajili ya nyuzi za gitaa. Alitupa udongo, ukagonga jeneza. Vumbi likamkaba, akakohoa.

Mpiga ngoma alirudisha simu mfukoni polepole.

“Na ule wimbo wetu mwingine, ule mzuri zaidi. Si wewe uliyeuimba?”

“Ni mimi.”

“Na hicho kikohozi umekuwa nacho tangu lini?”

Wenzao wa bendi waliacha kulia, wakageuka kumsikiliza.