Mwiko wa Bi Somoe

Kiwanda cha mafuta ya kula cha mji ule kilikuwa na mkanda mrefu wa kupitishia chupa, na kwenye kona moja chupa zilikuwa zinaanguka. Kazi ya Bi Somoe ilikuwa kukaa hapo na mwiko wake wa ugali, azisimamishe. Miaka kumi na tisa, si mchezo, mpaka mwiko wenyewe ukalika upande mmoja.

Siku hiyo akaja injinia mpya, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Mbona zinaanguka hapa tu?"

"Marahaba, baba. Hicho chuma cha chini kimepinda. Nimekiona toka siku ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wewe ndiye wa kwanza." Akacheka, maskini, maana alifurahi kweli kuulizwa.

Kijana akajilaza chini, akagonga nyundo mara tatu. Mkanda ukawashwa. Chupa zikapita wima, tena mbio kuliko jana.

"Hapa hapahitaji mtu tena, mama," akasema, asimtazame usoni. "Kesho pitia ofisini."

Bi Somoe hakuondoka. Ikaja chupa moja inayumba, akainua mwiko. Chupa ikapepesuka kidogo, ikakaa sawa yenyewe, ikapita, na mwiko bado uko juu.