Kilobaiti Nne

Folda ilikuwa imenenepa. Ijumaa jioni ilikuwa kilobaiti mia tisa na kumi na mbili. Leo Jumatatu, mia tisa na kumi na sita.

Binti aliikodolea macho skrini nyeusi. Kompyuta hiyo ya duka waliitumia wawili tu, yeye na fundi wa kompyuta. Na fundi alihama Jumamosi, kwenda kazi mpya mbali.

"Kimya, changamka!" mwenye duka alipaza sauti kutoka kwenye mashine ya fotokopi, akimwita kwa jina lake la utani. "Mnunuzi wa kompyuta yuko njiani. Futa kila kitu."

"Ndiyo, mama."

Binti aliishia darasa la tano. Amri alifundishwa na fundi, wakiskani vyeti vya watu: ls kuona vilivyomo, du kupima uzito, rm kufuta. "Kabla ya rm, mdogo wangu, piga dua," fundi alimtania. "Ikienda imekwenda." Alimwonyesha pia kwamba faili ikianza na nukta, ls inaipita kama haipo.

Hapo binti akapata pa kusemea. Kila mchana, fundi akienda kula, aliandika barua fupi yenye nukta mbele. Zilifika mia mbili na kitu, na zote ziliishia na neno moja: usiende. Mdomoni hakikutoka kitu zaidi ya "ndiyo, kaka" na "karatasi zimeisha."

"Hii folda tupu mbona inazidi kunenepa?" fundi aliuliza siku moja, akicheka. Binti alikimbilia ufagio, masikio yanawaka moto.

Ijumaa fundi alimuuliza tena. "Kimya, huna la kuniambia?"

"Safari njema, kaka."

Sasa aliandika rm. Kidole kikasita. Zile kilobaiti nne zilitoka wapi? Akafuta herufi zile, akaandika ls -a, inayoonyesha hata faili zenye nukta.

Barua zake zikajitokeza zote, na chini kabisa moja asiyoiandika yeye. Akaifungua.

"Nimezisoma tangu ya kwanza. Basi langu ni kesho Jumamosi, saa sita mchana. Nitakaa kwenye benchi nje ya kituo. Ukija ukalisema lile neno kwa mdomo wako, narudi na begi langu."

Nje, gari la mnunuzi lilifunga breki.

Binti aligeukia kiti cha fundi, kitupu kando yake.

"Usiende," akasema, kwa sauti.